Leo Unaniona?

Bi Arafa alikwisha kuhama kampuni mbili za intaneti, na zote alizilaani. Kila mwanawe Nasibu akimpigia simu ya video kutoka ughaibuni, uso uliganda ukawa ukungu mtupu, ikafika sauti peke yake: "Mama, mimi mzima. Nimenenepa."

Fundi wa kampuni ya tatu alipoulizia ilipo ruta, kile kisanduku cha kurusha intaneti, Bi Arafa alifungua kabati la vyombo vya wageni. Ilikuwa nyuma ya masinia ya bati, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Mama, ukitaka kuhamia kwetu karibu," fundi alisema akitabasamu. "Lakini masinia haya yataziba na intaneti ya kwetu pia. Itoe nje."

"Kitu cha thamani nikiweke nje kiliwe na vumbi?"

Hata hivyo aliitoa, akaiweka mezani, akampigia Nasibu. Picha ilikuja safi, hata kope zilihesabika.

"Mama! Leo unaniona?"

Bi Arafa aliyaona mashavu yaliyobonyea na mifupa ya shingo. Alichukua kile kitambaa, akafuta kioo cha simu taratibu, akatazama, akafuta tena.