Jasho la Bomba

Karatasi laini aliyoizungushia bomba chini ya sinki ililowa tena, binti akamwonyesha baba yake.

"Hilo jasho la bomba tu," mzee akasema bila kuinama.

"Baba, bomba la maji moto litoe jasho? Lina homa?"

Mzee akacheka, lakini hakusogea. Wote wawili ni mafundi, ila kiungo hiki cha bomba alikilehemu mzee jana, peke yake, baada ya kumfukuza bintiye jikoni. Nani kasema macho yake yamechoka?

Binti akapitisha kidole. Mbele, lehemu ilikuwa imejaa vizuri, imezunguka kama nusu ya pete. Nyuma, kidole kiligusa shaba tupu.

Angeweza kupaka gundi akanyamaza. Badala yake alifunga maji, akayamwaga yaliyobaki, akasugua shaba kwa msasa mpaka ikang'aa. Kisha akamnyooshea baba yake tochi ya gesi, maana kwao mkubwa ndiye hushika moto.

Mzee aliitazama, hakuipokea. Akatoa kioo kidogo kwenye sanduku la vifaa, akapiga magoti kwa taabu, akakiegemeza nyuma ya bomba.

"Washa wewe, mama," akasema. "Mimi nakushikia kioo. Uniambie unaona nini."