Samaki wa Kadi za Harusi

Tuhfa alimkata bwana harusi katikati ya jina, akamgeuza mkia wa samaki. Jina la bibi harusi akalifanya kichwa, akalichorea jicho kwa kalamu nyeusi, kisha akamrushia shoga yake Mastura samaki huyo amtoboe tundu la uzi.

"Hawa ndoa yao haikumaliza hata mwaka," Mastura alisema akisoma mabaki. "Angalau leo gundi imewarudisha."

Walikuwa wamekaa mkekani nyumbani kwa mama yake Tuhfa, Ngamiani, wamezungukwa na kadi za michango za miaka na miaka. Nyumba gani Tanga haina mrundo wa kadi hizo? Ukishachanga na ukishakula pilau, kadi haina kazi tena. Na kuitupa unaona haya, maana ina majina ya watu. Mastura alikuwa amepita mtaa kwa mtaa mpaka Makorora, akarudi na gunia. Hata Bi Mwanaasha, mama yake Tuhfa, asubuhi alikung'utia humo droo lake zima, bila miwani, mbiombio, kisha akajitupia baibui na kwenda zake kwenye kikao.

Ijumaa mwanawe Ammar alikuwa anatimiza miaka mitano, na alichotaka ni sherehe ya bahari. Mapambo ya dukani yalikuwa na bei za wanawake wenye waume. Basi trei za mayai zikawa kasa, soksi kuukuu zikawa pweza, mifuko ya kijani ikachanwa ikawa mwani, na uji wa ngano ukawa gundi.

"Huyu kasa, Ammar akimwona atamwombea chai," Mastura alisema. "Andazi tupu."

"Kata samaki wewe."

"Na baba mtu atakuja kweli?"

"Mama kazungumza naye mwenyewe. Marwan ni mtoto wa kaka yake, hawezi kumdanganya shangazi."

Marwan alikuwa ametoa talaka moja, ya hasira, na eda ilikuwa imebaki kama siku kumi na mbili. Ndani ya siku hizo neno lake moja tu lingetosha kumrejea mkewe, bila mahari mpya wala ndoa mpya. Tuhfa alikuwa amekwisha kulipangia neno hilo mahali pa kutokea: Ijumaa, chini ya samaki, mtoto yuko mapajani kwa baba yake. Kila jioni mama yake alimtia moyo. "Pamba, mwanangu, pamba. Mume hurudi palipo na furaha, harudi penye kilio."

Kitu kimoja tu kilimkera, nacho ni Mastura. Juzi alimkuta anacheka na simu, akaikata alipomwona. Na tangu jana alikuwa na hina mpaka viwikoni. Hana mume, si Idi, hina ya nini? "Ya kujifurahisha," alijibu, na mtu mwenye maneno kama yale hajibu kwa neno moja bure.

Ndani ya gunia Tuhfa akakuta bunda la kadi za buluu, zote sawasawa, zimefungwa kwa mpira.

"Alhamdulillahi! Kundi zima la dagaa!"

Alikwisha kukata nane, bila kusoma hata moja, alipogundua kwamba Mastura amenyamaza. Mastura, ambaye hata msibani hutafutiwa pa kukaa mbali na wafiwa asije akawachekesha.

"Hizi tuziache, shoga," alisema. "Zimepauka."

"Zimepauka wapi? Mpya, bado zanuka wino."

"Samaki wa buluu watapotea ndani ya bahari ya buluu."

"Toa ulichokalia."

"Sijakalia kitu."

"Mastura. Nyanyua paja."

Hakunyanyua. Tuhfa akamsukuma, akaichomoa kadi. Pale pa kuandikwa jina la mchangaji palikuwa na nukta tupu. Chini ya nukta, kwa herufi za dhahabu, familia ilikuwa inaomba mchango wa hali na mali kufanikisha harusi ya kijana wao, Marwan.

Macho ya Tuhfa yaliruka mstari, moja kwa moja kwenye jina la bibi harusi, akiwa tayari kumtia Mastura makucha.

Khuloud. Wa Chumbageni. Hakumjua.

"Nilidhani ni wewe," alisema.

"Mimi? Nimchukue Marwan, na ulivyonisimulia anavyokoroma?" Mastura aliinua mikono yake yenye hina. "Mimi nimeposwa na fundi wa Pangani, nikaona nitakuumiza nikikwambia sasa. Hii kadi wallahi nimeiona hapa hapa. Nikasema basi, japo Ijumaa ipite."

Tuhfa hakumsikia. Alikuwa anasoma tarehe. Jumamosi, siku mbili baada ya eda yake kwisha. Kuna mtu alikaa kitako akaihesabu.

Mstari wa mwisho ulisema mchango umfikie mweka hazina. Jina halikuandikwa, namba tu.

"Nampigia."

"Umwambie nini, Tuhfa? Achana naye."

"Huyu anayezunguka nyumba za watu kumchangia mume wangu harusi, nami eda sijamaliza, nataka niisikie sauti yake. Nimuulize neno moja tu: yeye hakuzaa binti?"

Vidole vyake vilikuwa na uji wa ngano, akavifuta kwenye kanga. Akaanza kubonyeza, tarakimu moja moja, kadi imeshikwa karibu na uso. Alipofika ya saba simu haikumngoja amalize. Ikaleta yenyewe jina aliloliandika mwenyewe: Mama.