Jiko ya Maman

Kila asubuhi, kabla Isidore hajaenda kazini, Maman alipanda kigoda mbele ya babula, jiko lao la makaa, akakoroga uji, akauonja kwa ncha ya ulimi, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari mbaya. Asubuhi hiyo mwiko ulisimama katikati ya sufuria. Kuna mtu alikuwa anapiga mlango kwa teke.

Alikuwa Domitille, dada mkubwa wa Isidore, ametoka kisiwani Idjwi na boti ya alfajiri. Mikono yake yote miwili ilikuwa imebeba ndizi. Alizitua sakafuni, akakataa kiti, akamwambia mdogo wake kwamba amekuja kumchukua Maman.

Isidore hakushtuka. Tangu mke wake Colombe azikwe, mambo yalikuwa yanamfikia kama redio ya jirani: anasikia, lakini si yeye anayeambiwa.

Kilio kilipoisha na watu kurudi kwao, Maman alichukua kitenge cha Colombe, akakizungusha kiunoni mara mbili, akaingia jikoni. Hakuna aliyemwomba, wala hakuna aliyemkataza. Siku za mwanzo bugali ilikuwa na madonge na sombe ya majani ya muhogo ilikuwa na mchanga. Isidore alikula vyote bila kuona tofauti.

Yannick, mdogo wao wa mwisho aliyekuwa anakaa hapo akisoma chuo, ndiye aliyeona cha kuchekesha. Alianza kumpiga Maman video na kuziweka Facebook, kwenye ukurasa aliouita Jiko ya Maman. Watu walizipenda kupita kiasi. Walipenda mkono wake uliokaa kiunoni. Walipenda pengo lake la mbele, lililogeuza kila "s" kuwa upepo.

"Sombe haipikwake na haraka," Maman alikuwa anasema. "Mwenye haraka aende akule mukate."

Watu waliandika kwamba Maman huyu atawaua kwa kicheko, kwamba waazimwe wiki moja tu, kwamba ndiye mwanaume wa nyumba. Mengi ya maneno yake yalikuwa maneno ya Colombe. Isidore aliyatambua, akaendelea kutafuna.

Domitille hakuwa amecheka. Alisema aliiona ile video ya kukaanga sambaza, dagaa wa ziwani, mafuta yaliporuka na Maman akafumba macho, akameza mate, akasema mafuta yanamusalimia. Chini yake watu walikuwa wamepanga nyuso za kucheka, mstari baada ya mstari. Yeye aliirudisha nyuma mara nyingi, akiutazama mkono tu.

Sasa alisogea kwenye babula na kuukunja taratibu mkono mmoja wa sweta ya Maman. Ngozi ilikuwa imebabuka kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, nyekundu, inang'aa. Mkono huo ndio uliokuwa unamwekea Isidore sahani mezani.

"Hii uliiona?" Domitille aliuliza.

"Hakuniambia."

"Sikuuliza kama alikuambia."

Yannick alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Alijaribu utani, akasema Maman ni soldat, askari kamili, Maman hachokake, na watu wa Facebook watalia wakisikia ameenda. Domitille alimwambia aishushe simu hiyo kabla haijaiva pamoja na uji. Yannick akaishusha.

Kisha Domitille akamgeukia Isidore. Kwake Idjwi, alisema, Maman atakaa juani na watu wa rika lake. Atalala mchana akitaka. Wengine watapika, yeye atakula. Isidore alijibu kwamba Maman ndiye anayeshikilia nyumba. Alitaka kulisema jambo hilo kwa utulivu, kama anavyosema kila kitu siku hizi, lakini maneno yalimtoka kwa kelele. Alikuwa ameiona akilini nyumba bila mtu wa kumuuliza kama ameshiba. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, aliogopa.

"Akienda, miye nabaki na nani?"

"Unasikia vile unauliza?" Domitille alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa chini. "Maman, Maman. Hiyo jina ndiyo imetupumbaza siye wote. Mutu anaitwa vile, basi tunafikiri hachoki, haungui, halii."

Uji ulianza kushika chini. Hakuna aliyeuondoa.

Isidore alifikiri kidogo, akaona njia moja. Alisema hawawezi kumbeba mtu kama mzigo wa ndizi. Aulizwe mwenyewe, na atakalosema ndilo litakalofuatwa. Domitille alikubali. Isidore alikuwa na uhakika wa jibu. Maman hakuwa amemkatalia kitu hata siku moja.

Akamvutia kiti, akamketisha, akachutama mbele yake ili macho yao yalingane.

"Maman," alisema, "weye ndiye unaamua. Unabaki na miye?"

Maman aliupeleka mkono kiunoni kwa mazoea. Alimtazama Yannick, akatazama mahali ambapo simu hukaa, akitafuta neno la kuwachekesha. Lilikosekana. Mkono ukateleza ukaanguka mapajani, na miguu yake, isiyofika sakafuni, ikaacha kuning'inia huku na huku.

"Papa," alisema, "siko maman yako. Mulinipatia tu jina yake. Miye niko mutoto."