Tiba ya Korongo Kutoka Kichuguuni

Nyumbu mzee alibakiwa na siku kumi. Baada ya hapo kundi lingevuka mto, na asiyeweza kutembea wala kukumbuka kivuko angeachiwa simba. Korongo, mganga mashuhuri, akaahidi kumponya magoti na akili bila kumsogelea wala kumwona. Angesimama kwa mguu mmoja juu ya kichuguu cha mbali, afumbe macho, na nguvu zingejiendea zenyewe.

Digidigi, ambaye hulala na wasiwasi na kuamka nao, alitaka uhakika. Kila asubuhi alimtembeza Nyumbu kuelekea mtoni akihesabu hatua, kisha akamuuliza, "Babu, kivuko kiko wapi?"

Siku ya kwanza mzee alipiga hatua arobaini, akaelekeza pembe zake mlimani. Siku ya kumi alifika mtoni na kukionyesha kivuko, huku akinung'unika, "Mjukuu wangu, utanihoji mpaka lini?"

Kundi likavuka, naye akiwa katikati.

Korongo akatua, kifua mbele. "Umeona, binti? Na sikumgusa!"

"Nimeona, mganga. Ila nisije nikakosea kusimulia: nguvu ulimtumia nani hasa?"

"Nyumbu mzee, yule wa pembe iliyovunjika."

Digidigi alitazama ng'ambo. Pembe za mzee wake zilikuwa nzima zote mbili.

"Yule aliliwa na simba mwaka jana."

Korongo akabadilisha mguu. "Basi ndiyo maana," alisema, "hajalalamika hata mara moja."