Kikaratasi Kisicho na Jina

"Nani kaandika hii?"

Mwalimu Calist alikuwa ameinua juu kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari. Hakikuwa na jina. Yeye mwenyewe ndiye aliyewakataza kidato cha kwanza kuandika majina, ili atakayekosea asichekwe.

Somo lilikuwa kitenzi kimoja cha Kiingereza, reduce, yaani kupunguza, na lilianza vizuri tu. Mwalimu alitoa mfano wake mwenyewe: inabidi apunguze mwili, maana tangu ahamie hapa Mtinko mwezi wa kwanza, mkanda umesogea matundu mawili. Walicheka mpaka basi! Kisha wakaandika sentensi zao: dereva apunguze mwendo, bibi apunguze chumvi.

Sasa hii. Kiingereza chake safi, hakina kosa hata moja. Mwalimu akawasomea kwa Kiswahili, polepole: "Mama hupunguza ugali wetu kila jioni ili mgeni ashibe. Mgeni hula sebuleni, hajui kama jikoni tumelala njaa."

Hakuna aliyecheka. Hata Andrea, ambaye mtu akipiga chafya tu yeye hoi kwa kicheko, aliinamisha kichwa.

"Huyo mgeni ana muda gani kwenu?"

Mwalimu akapandwa na hasira.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Jitu zima, meno thelathini na mbili, linamaliza chakula cha watoto! Halina haya?"

Darasa zima lilitazama sakafu. Ungedhani ni wao waliokula. Loo, aibu gani ile, na hakuna aliyethubutu kumtazama Mwalimu usoni.

Mwalimu akalegeza sauti. "Mtoto mwenye akili namna hii halali njaa mimi nikiwepo. Simama, mwanangu, usiogope. Leo nakusindikiza mpaka kwenu. Nitamwambia mbele ya mama yako afunge virago, aondoke."

Dawati la nyuma likalia. Rahabu alisimama, uso ameufunika kwa viganja vyote viwili, machozi yanapita katikati ya vidole.

"Usihame, Mwalimu," alisema. "Mama atasema ni mimi niliyekufukuza kwetu."