Sura Zilizofutwa

Siku hizi serikali haimrudishi nyumbani mtu aliyeuzwa kabla mashine haijamfutia kichwani sura za wote anaojua walimuuza, ili apate kulala. Afisa wa ustawi wa jamii humsindikiza, akakaa sebuleni akinywa chai na kutazama nani hatambuliwi.

Saumu wangu aliletwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimempikia mkate wa kumimina anaoupenda. Ukoo mzima ulikaa mkekani, macho yote kwa wifi yangu Mwanahawa, kwa kuwa ndiye aliyemleta wakala yule mwenye maneno matamu. Mimi niliweka saini tu pale nilipoonyeshwa. Jokofu alilotuachia lilikuwa zawadi. Na mama gani hamtakii mwanawe kazi nzuri?

Mwanangu alianza kuamkia kwa umri, kama nilivyomfunza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu nyumbani."

"Shikamoo baba mdogo." Akasogea kwa Mwanahawa.

"Shikamoo shangazi. Mbona umekonda hivi?"

Mwanahawa akaangua kilio, akamkumbatia. Afisa akaweka kikombe chini, akanitazama.

Saumu akafika mbele yangu, akanipa mkono kwa adabu, kama apokewavyo mgeni. "Shikamoo," akasema.

Akamgeukia bibi yake.

"Bibi, mama yuko wapi? Nasikia harufu ya mkate wake."