Upenyo wa Vidole Vinne

Mackrine alifunika runinga kwa vitenge viwili, kimoja kulia, kingine kushoto, akaacha upenyo wa vidole vinne tu katikati. Kisha akashika padi ya kuchezea, akaliondoa lori la mchezo.

Hakufika mbali. Trekta lilitokea pembeni likamgonga ubavuni. Akaanza upya. Safari hii alimgonga mtu wa baiskeli. Akaanza upya tena.

Mashine ilikuwa ya mwanawe Benjamin, pleisteshini ya zamani aliyoiacha nyumbani Nyakasimbi alipokwenda kusoma Mwanza, pamoja na diski zake za michezo ya kuiga maisha. Kulikuwa na ya kulima, ya kurusha ndege, ya kujenga mji. Benjamin alikuwa akiapa kwamba ya kujenga mji ndiyo bora kuliko zote. Ya kulima ilimchekesha mama yake. Migomba anayo nje. Aliyoitaka ni moja tu, ya malori. Wiki ya tatu sasa, kila alasiri yuko hapo, hata kahawa aliyoianika ikanyeshewa.

Wifi yake Agnetha, jirani wa ng'ambo ya uzio, ndiye aliyemkuta hivyo.

"Vitenge vya nini, wifi?"

"Jua linapiga kwenye kioo," Mackrine alijibu bila kugeuka.

Agnetha alichungulia dirishani. Mbingu yote ilikuwa imetanda mawingu.

Jioni alimsubiri kaka yake njiani. Jovin alikuwa dereva wa Fuso, lori la Abdulghani, mfanyabiashara wa Murongo, na huu ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili anampelekea ndizi mpakani.

"Kaka, mkeo ana jambo," Agnetha alisema. "Anajifunza kuendesha lori kwenye runinga, tena kwa kuficha. Na nimemsikia kwenye simu na bosi wako. Si mara moja. Akiniona tu, anakata."

Jovin alicheka. Lakini chakula cha jioni kilimshinda, akaisogeza sahani ikiwa imejaa.

Siku ya pili hakuwa na safari. Alisimama nyuma ya mkewe akamwangalia anavyocheza. Mackrine hakuviondoa vile vitenge. Alikwenda polepole, akapita daraja, akapita shule, kisha akamgonga mtoto aliyekuwa anavuka.

"Ulikuwa unatazama wapi?" Jovin aliuliza.

"Mbele."

"Na yule mtoto?"

"Sikumwona."

"Dereva hasemi sikumwona, Mama Benja."

Mackrine aliweka padi chini. "Jumapili usiibebe kwaya kwenda Kibingo. Waambie watafute gari lingine."

"Kwaya ya kanisani kwetu? Kibingo nimekwenda mara mia!"

"Nakuomba, baba."

"Sababu?"

Alimtazama usoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha humo. "Lori limechoka," akasema.

Lori halikuwa limechoka. Mwezi uliopita tu Abdulghani alilifungia matairi mapya. Jovin alitoka nje, akazunguka kwenye migomba, akawa anajumlisha. Mke anataka lori lisisafiri Jumapili. Mke anajifunza lori. Mke ana maneno na mwenye lori. Kila alivyojumlisha, jibu lilikuwa lile lile, na lilimchoma.

Siku zile akawa mkali kwa kila mtu. Alimfokea mkewe kwa kuacha kigoda njiani. Alimfokea Theoneste, utingo wake, kwa kukaa kimya barabarani. "Kazi yako kusema!" alimwambia. "Mimi sikukuweka hapo uwe gunia!" Theoneste alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne; tangu hapo akawa anasema barabara nzima, mbuzi kushoto, pikipiki kulia, mpaka Murongo.

Alhamisi mchana, ndizi zikiwa bado zinapakiwa sokoni Nyakasimbi, Jovin aliona hawezi tena kuendelea kubeba jambo lile kifuani. Alimwachia Theoneste kazi, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Alikuwa anataka kuyamaliza kabla ya safari.

Jua lilikuwa utosini. Mlango ulikuwa wazi, madirisha wazi, sebule nzima inang'aa. Alikwenda moja kwa moja hadi alipokaa Mackrine, mbele ya runinga yake yenye vitenge, akamsimamia kichwani.

"Unampigia simu Abdulghani."

"Ndiyo," Mackrine alisema.

Jovin alikuwa amejiandaa kusikia hapana. Ile ndiyo ilimkata maini.

"Mara ngapi?"

"Nne. Ya mwisho ilikuwa jana, kumwomba aje ajionee mwenyewe."

"Na unanijibu hivi hivi, bila hata aibu! Miaka yote hii namtumikia, mvua yake, jua lake, kumbe mimi nikishika usukani yeye anashika nyumba yangu!"

"Baba Benja, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mungu anikutanishe naye tu. Aje asimame mbele yangu kama mwanamume. Nitamwambia usoni kwamba ni mwizi wa wake za watu, na lori lake alichukue!"

Mackrine alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi tu yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta. Wala hakuwa anamtazama mumewe. Alikuwa anatazama kando yake.

"Msalimie basi," alisema.

"Nimsalimie nani?"

Ubavuni mwa Jovin, karibu kiasi cha kugusana mabega, Abdulghani alikuwa amesimama, mkono wa salamu aliomnyooshea tangu Jovin alipoingia ukiwa bado hewani, upande ule ambao kwenye runinga ulikuwa umefunikwa na kitenge.